Taa za Uani na Basi la Watoto

Jumatatu, 3 Juni

Nimekanyaga mabeseni ya mke wangu. Matatu! Basi lilikuwa linarudi nyuma kuingia uani, saa moja kasoro jioni, giza ndiyo kwanza linaanza. Nilitazama kioo cha kushoto. Kilikuwa kitupu. Naapa kilikuwa kitupu. Kisha – kraa!

Katoka jikoni na mwiko mkononi. Kacheka kwanza, ndivyo alivyo. "Baba watoto, kama ulikuwa huyapendi si ungesema tu?" Halafu kaangalia gurudumu, kaniangalia mimi, kicheko kikaisha.

Akasema uani kwetu kuna giza kama ndani ya gunia. Kwa nini tusifunge taa kali za nje, zile za LED, kama za ghala la mbao pale barabarani? Nikasema wazo zuri sana. Nililisema haraka mno.

Lakini ni kweli. Ni giza. Tatizo ni giza.

(Naandika kurasa za nyuma za daftari la safari la mwaka juzi. Huku hakuna anayefungua.)

Jumatano, 5 Juni

Duka la vifaa vya umeme, baada ya kushusha watoto shuleni. Sikujua taa zina ukoo mkubwa hivi! Wati kumi, ishirini, thelathini, hamsini, mia. Nyeupe kali, nyeupe ya kuvutia manjano. Za sensa, zinazowaka mtu akipita. Muuzaji, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliuliza nataka kumulika nini. Nikasema uwanja, nirudishe basi nyuma. Basi la shule? Ndiyo, nikasema, ila wakati huo huwa tupu, watoto wameshashuka wote. Hakuniuliza hilo. Sijui nilikuwa najitetea kwa nani.

Akanifundisha nisiangalie wati peke yake, niangalie lumeni, ndicho kipimo cha mwanga wenyewe. Na boksi liwe na alama kwamba taa haipitishi maji wala vumbi. Kwa uwanja kama wangu, alisema, mbili za wati thelathini zinatosha. Mimi nikachukua moja ya hamsini. Nyeupe kali.

"Hiyo itakuonyesha hata usichokitafuta," akasema.

Nikacheka. Njiani nikaacha kucheka.

Kuna jambo la asubuhi, nisiliruke. Mzunguko wa kwanza, baiskeli ilitokea kushoto. Matroni – dada anayepanda na watoto, huu mwaka wa sita tuko pamoja – alisema, "Kaka, kushoto." Kwa sauti ya chini tu, kama mtu anayetaja saa. Nikafunga breki. Yule wa baiskeli alinitukana mpaka akaishiwa pumzi. Watoto wakashangilia, waliona mchezo.

Ni lini matroni alianza kuniambia "kaka, kushoto"? Si wiki hii. Nikifikiri vizuri, si mwezi huu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeifunga mwenyewe jana, juu ya mlango wa jikoni, inatazama lango. Nilijisifu! Uani kukawa mchana. Sisimizi alikuwa na kivuli.

Leo jioni nimeingia nayo. Balaa tupu. Mimi naingia kwa nyuma, makalio ya basi yanaelekea jikoni – kwa hiyo taa yote imenirudia machoni kupitia vioo viwili vya pembeni. Weupe mtupu, kulia na kushoto. Nimepiga nguzo ya kamba ya nguo. Shuka za mke wangu zimelala kwenye vumbi.

Na jirani kaja. Tunamwita Mzee Redio kwa sababu haizimi. Kasimama ukutani kwake, kofia ya kulalia kichwani, saa mbili usiku. Kasema kwa upole kabisa: jogoo wake amewika mara nne tangu magharibi na sasa kapasuka sauti. "Jirani, hata ndoto zangu siku hizi zina mwanga."

Nimemwomba radhi. Nimezima. Nimekaa ndani ya basi gizani kwa muda. Nilijisikia afadhali gizani. Gizani hakuna anayeona, tuko sawa wote.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu kaita fundi umeme. Nilitegemea mwanamume, kaja mwanamke wa makamo, ovaroli ya bluu, penseli nyuma ya sikio, hana maneno mengi. Katazama taa yangu, kanitazama mimi.

"Nani kakufungia hii?"

"Mimi."

"Basi hakuna wa kumdai."

Kaniweka nikae kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, yeye akazunguka uani na taa mkononi, waya mrefu unamfuata. Kila mahali anauliza: hapa je? Hapa inakuumiza? Mchana, lakini alitaka kujua vioo vyangu vinatazama wapi. Kisha akaeleza. Taa ya kuingilia isikae mbele ya vioo, ikae mgongoni mwa vioo. Yaani kwenye nguzo mbili za lango, moja kila upande, juu kadiri ya mita tatu na nusu, zimeinamishwa zitazame chini kuelekea nyumbani. Zikiwa mbili zinapishana, moja inafuta kivuli cha mwenzake. Na ile yangu ya hamsini ibaki jikoni, ila ishushwe uso na ivishwe kofia ya bati isimsumbue jirani. Hiyo ni ya asubuhi, wakati natoka, maana hapo itakuwa mgongoni kwangu. Swichi tofauti. Jioni hizi, asubuhi ile.

Nilimpenda kwa akili hiyo. Kitu kimepangwa, kina sababu.

Halafu akaniomba nimsogezee boksi la skrubu. Nikatembea. Nikaigonga ngazi yake kwa bega la kushoto, ikayumba, akaidaka. Ngazi ya njano! Mita nne! Saa tano mchana!

Aliisimamisha tena ngazi. "Mzee, macho yako yako sawa?"

Nikamwambia nilipimwa wakati wa leseni, nikasoma chati yote mpaka mstari wa chini kabisa, herufi ndogo kama chawa. Daktari mwenyewe alinisifu. Hilo ni kweli. Hata sasa, gazeti nalisoma bila miwani.

"Mimi nafunga taa," alisema. "Mengine si kazi yangu." Akapanda ngazi. Lakini kila nilipopita karibu yake mchana kutwa, niliona – hapana, nilisikia – anavuta vifaa vyake pembeni.

Jumanne, 11 Juni

Zinawaka! Zote tatu.

Leo nimeingia mara moja tu, sikurudia, sikugusa kitu. Gurudumu la nyuma limesimama pale pale kwenye tofali. Mke wangu kapiga vigelegele peke yake uani. Kisha katoa sindano na uzi, kakaa kwenye kigoda katikati ya mwanga akaanza kushona kifungo cha shati langu, kuonyesha tu kwamba inawezekana.

Jana pia niliingia vizuri. Siku mbili! Nilikuwa mjinga kuogopa. Giza lilikuwa giza tu, na sasa limepatiwa dawa. Mzee Redio kasema jogoo amepumzika.

Usiku wa jana nimelala usingizi wa mtoto.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa moja kasoro dakika tano. Nimepiga honi, mke wangu kafungua lango, kawasha taa za langoni. Nikaanza kurudi nyuma. Kioo cha kulia, ukuta. Kioo cha kushoto, kitupu. Uwanja unang'aa kama meza ya hospitali. Nikakanyaga mafuta kidogo.

Ukaja mlio – kofi kwenye bati. Makofi. Ubavuni, upande wa kushoto, na sauti yake: "Simama! Simama! Simama!"

Nikasimama.

Nikashuka, nikazunguka. Alikuwa amebanwa kati ya basi na ukuta wa kibaraza kipya cha mabeseni, kile tulichojenga baada ya yale matatu kukanyagwa. Hajaumia. Ile nafasi iliyobaki – ningepitisha mkono, si zaidi. Kandambili yake moja iko chini ya gurudumu.

Nikafoka. Mungu anisamehe, nilifoka mimi! Kwa nini anasimama mahali pasipoonekana?

Hakunijibu kwa hasira. Hilo ndilo linalonikaba. Alisema polepole kwamba alikuwa amesimama hapo tangu nilipoanza kuingia. Chini ya taa. Alikuwa ananipungia mikono yote miwili, kama anavyofanya siku zote wakati ananielekeza.

"Siku zote?" nikauliza.

"Siku zote, isipokuwa ile ya mabeseni, nilikuwa jikoni. Hunioni?"

Miezi yote hii alikuwa ananielekeza. Mimi nilidhani naingia mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeendesha leo. Asubuhi na jioni. Naliandika ili lisinipotee: niliendesha.

Baada ya kuamka, kabla ya chai, mke wangu alinikalisha ukingoni mwa kitanda. Nitazame pua yake, nisichezeshe macho. Akanyoosha mkono wake pembeni, akaanza kuuleta mbele taratibu. Niseme nikiona vidole. Nilisubiri. Nilimtazama pua. Pua ikaanza kutetemeka na mimi bado nasubiri. Nilipoviona vidole vilikuwa karibu na shavu lake.

Alirudia upande wa kulia. Huko afadhali kidogo. Kidogo.

"Muda wote nilikuwa nakulaumu huniangalii nikiongea na wewe mezani," akasema. Akaenda kuchemsha chai.

Jioni, watoto wote wameshashuka, nilimuuliza matroni. Nilijifanya nazungumzia jambo dogo. Je, ameona nina shida upande wa kushoto?

Katazama kushoto mpaka tukapita taa za makutano. "Kaka, mimi nilidhani unajua," alisema. "Nilidhani tunakubaliana. Wewe unashika usukani, mimi nashika kushoto."

Kasema tangu mwaka jana, mwezi wa tisa, hakai tena nyuma na watoto wadogo. Anakaa mbele. Na siku alipougua homa, siku zile mbili, hakulala – si kwa homa.

Kwa nini hakusema? Kasema nani angemsikiliza. Na mimi nina binti chuoni, mwaka wa pili, naye matroni ana wazazi wake anaowalisha. Basi tukawa watu wawili tunaendesha basi kwa macho ya mtu mmoja na nusu, na watoto thelathini na mmoja nyuma wanaimba.

Jumamosi, 15 Juni

Kliniki ya macho. Foleni ndefu, benchi la mbao, watu wameinamisha vichwa.

Chati kwanza. Nimeisoma yote, kama kawaida! Nikamtazama mke wangu kama mtoto aliyepasi.

Kisha wakaniingiza chumba cha giza, kidevu juu ya mashine, ndani kama bakuli kubwa jeupe. Tazama katikati. Vidoa vya mwanga vitatokea pembeni, ukikiona kimoja, bonyeza. Nikabonyeza. Halafu ikapita muda mrefu hakuna kitu. Nikajua vipo. Nikaanza kubonyeza kwa kukisia, kwa kufuata mdundo. Nilikuwa naibia mtihani, mwanamume mwenye mvi! Mashine haikudanganyika. Ilichapa karatasi, na kwenye karatasi macho yangu ni madoa meusi mawili yenye tundu katikati. Tundu la kushoto dogo kama sarafu.

Daktari ni kijana, mpole, anaongea akitazama meza. Presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, taratibu, haiumi, ndiyo maana mtu hajui. Chati hupima katikati tu. Kilichokwisha kwenda hakirudi. Dawa ya matone, mara mbili kwa siku maisha yote, ni ya kulinda kilichobaki.

Mke wangu kamuuliza kuhusu taa. Je, tukiongeza nyingine? Za wati mia?

"Mama, hata mkileta za uwanja wa mpira," alisema daktari. Si kwa ubaya.

Kisha akashika kalamu. "Mzee, unafanya kazi gani?"

Nikasema, "Nina duka."

Lilitoka lenyewe. Duka! Daktari akaandika. Akasema basi vizuri, maana ningekuwa dereva angeniambia niache leo hii. Nilihisi mke wangu pembeni yangu – upande wa kushoto, sikumwona – ameacha kupumua. Alichukua karatasi, akashukuru, akanishika mkono kwenye ngazi za kushukia.

Nje, kwenye jua, ndipo akauliza:

"Duka letu liko wapi?"

Jumapili, 16 Juni

Tumegombana kutwa nzima, kwa sauti za chini kama watu wenye mgonjwa ndani.

Mimi: shule inafunga baada ya wiki mbili. Nimalize muhula. Nijiuzulu kwa heshima, niage, Mwalimu Mkuu aandike barua nzuri. Miaka kumi na tisa bila ajali! Nitakwenda polepole. Matroni yupo.

Yeye: "Wiki mbili ni safari ngapi?"

Nikahesabu. Safari ishirini.

Yeye: Alhamisi ile aliyebanwa alikuwa mtu mzima, ana mikono ya kugonga bati. Mtoto wa chekechea mkono wake haufiki hata kwenye dirisha.

Nikatoka nje. Nikakaa kwenye ngazi ya basi. Kwenye kiti cha pili kuna kibandiko cha nyota ambacho mtoto mmoja alikibandika, sijawahi kukibandua. Nikawa nafikiri: mimi ni nani asubuhi saa kumi na moja kama siendi kulitia moto hili gari? Nitafanya nini na mikono? Dereva asiyeendesha, ni kama nini? Sina hata jina lake. Watoto huniita Mjomba Basi. Na bila basi, nibaki mjomba wa nani?

Kisha ile kandambili ikanijia. Iko bado pale ukutani. Mpira umepasuka katikati, alama ya tairi imepita juu yake vizuri kabisa, kama imepigwa muhuri.

Jioni nikashika simu mara tatu nimpigie Mwalimu Mkuu. Mara ya tatu akapokea. Nikamwuliza kama kesho ratiba ni ile ile. Akasema ndiyo, kwani vipi? Nikasema hapana, nilitaka kuhakikisha tu. Akanishukuru kwa umakini wangu. Umakini!

Nimemwambia mke wangu nitampa taarifa kesho, ana kwa ana, nikishawafikisha watoto. Safari moja tu. Alikuwa ananitia matone. Kidole chake kilikuwa kizito kwenye kope langu.

Jumatatu, 17 Juni

Saa kumi na moja na dakika ishirini. Naandikia kwenye usukani.

Niliamka kabla ya mke wangu – nilidhani. Upande wake wa kitanda ulikuwa umeshapoa. Nimevaa, nimetoka, nimewasha injini. Taa ya jikoni ilikuwa tayari inawaka, ile ya hamsini, ya kutokea. Sikuiwasha mimi.

Lango limefungwa kwa komeo. Yeye yuko hatua nne ndani ya lango, anatazama basi. Hakusimama kushoto. Hakusimama kulia. Kasimama katikati kabisa, mbele ya pua ya basi, mwanga wote umemwangukia usoni. Kavaa sweta langu la zamani na kiatu kimoja kimoja, kila mguu na cha aina yake. Namwona mpaka kifungo. Namwona kuliko nilivyomwona mwaka mzima.

Nimepiga honi kidogo, ya adabu. Hajasogea.

Nimeteremsha kioo, nimemwambia watoto wanasubiri. Kasema anajua. Kasema amempigia Mwalimu Mkuu tangu saa kumi, simu imezimwa. Nikasema basi, unaona? Kasema, "Nakuona wewe."

Redio ya jirani imewashwa. Taarifa ya habari ya kwanza.

Matroni anapiga simu. Nimepokea. Yuko kituo cha kwanza na watoto saba, bado kiza, gari zinapita kwa kasi, wadogo wanasikia baridi. "Kaka, umefika wapi?" Nikasema nipo uani. Akasubiri niseme lingine. Nilimsikia mtoto nyuma yake anauliza Mjomba Basi yuko wapi. Nikakata.

Watoto saba pembeni ya barabara gizani kwa sababu yangu. Nikienda ni kwa sababu yangu. Nisipokwenda ni kwa sababu yangu.

Mke wangu kakunjua mikono aliyokuwa ameikunja kifuani. Hapungi. Kaining'iniza tu pembeni, viganja wazi.

Simu inaita tena. Sijazima injini. Sijatia gia.